Barua ya wazi kwa viongozi wa Mwanza: Tupeni kipande cha ufukwe kwa mbwa waliochanjwa

Kwa Wastahiki Mameya wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, Waheshimiwa Madiwani wa kata zinazopakana na ziwa, pamoja na madaktari wa mifugo wa halmashauri zote mbili.

YAH: OMBI LA KUTENGEWA ENEO NA SAA ZA KUTEMBEZA MBWA KWENYE FUKWE ZA ZIWA VICTORIA

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Ninaishi Ilemela, nafuga mbwa, na asubuhi nyingi jua linapochomoza mimi naye huwa tupo ziwani. Nawaandikia kuomba mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, mtutengee kipande cha ufukwe na saa maalumu za kufika na mbwa. La pili, kibali cha kuingia hapo kiwe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo muda wake haujapita. Asiye na kadi arudi nyumbani. Nikiishia hapo, ombi langu litaonekana ni la starehe, la watu waliokosa shughuli za kufanya. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini naliona ni suala la afya ya mji mzima.

Mbwa wengi wa Mwanza hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Kutwa nzima mbwa amefungwa nyuma ya nyumba au amefungiwa kwenye banda la mabati, usiku anafunguliwa azunguke ndani ya ukuta. Hamjui mtu mwingine zaidi ya yule anayemletea ugali na mapanki, mabaki ya samaki aliyetolewa minofu. Siku geti likisahaulika wazi, mbwa huyo anauma, na anayeumwa mara nyingi ni mtoto anayekwenda shule. Wataalamu wa tabia za wanyama wanasema umri mzuri wa mtoto wa mbwa kuzoea watu, sauti na mbwa wenzake ni kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi. Ukipita hapo bila kutoka nje, kumzoesha ni kazi ya miezi. Sasa amtoe ampeleke wapi? Barabarani ni bodaboda na daladala. Vilimani ni nyumba zilizobanana kwenye mawe. Viwanja vya mpira ni vya watoto, na ni haki yao. Unabaki ufukwe.

Na ufukwe wenyewe unazidi kuwa mfupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu, lakini ukitembea na maji utakutana na kuta, nyaya na mageti. Sehemu ambazo mwananchi anafika bila kulipa kiingilio ni chache, na pale pale pana wavuvi, wachuuzi, wafuaji, waogeleaji, waendesha bodaboda wanaoosha pikipiki na watoto. Ninaelewa kabisa kwa nini kiongozi akisikia neno mbwa hapo anaona mzigo mwingine umeongezeka.

Lakini mbwa wapo tayari. Hakuna aliyewaleta. Wanatoka majalalani na nyuma ya magenge, wanashuka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, mitumbwi ya dagaa inaporudi, wanakula kinachotupwa, halafu wanalala kwenye mchanga mpaka jua liwakimbize.

Kuna asubuhi nilikuwa na Simba, mbwa wangu, kwenye ufukwe mmoja ambao sina haja ya kuutaja. Alikuwa na mkanda shingoni, yuko kwenye kamba, na kadi yake ya chanjo ilikuwa mfukoni mwangu. Mlinzi akatujia na fimbo, akasema mbwa hawaruhusiwi, tuondoke. Hapakuwa na kibao chochote, ila sikutaka ugomvi, tukaondoka. Hatua chache nyuma yake kundi la mbwa wasio na mwenyewe lilikuwa likigombania matumbo ya sangara. Mmoja sikio lake lilikuwa limechanika, kidonda kibichi, inzi wamejaa. Watoto wawili wenye ndoo za maji wakapita katikati yao, mmoja akamrushia yule mwenye kidonda teke. Mlinzi hakushughulika nao. Angemwambia nani awaondoe?

Hilo ndilo linalonisumbua katika katazo la jumla. Linamfikia mfugaji aliyechanja, aliyenunua kamba, anayejulikana nyumba yake. Mbwa wa hatari halimgusi. Tukiendelea hivyo tunawafundisha wafugaji kwamba kuchanja na kutochanja ni sawa tu, kwa kuwa wote watafukuzwa.

Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza kuonekana. Virusi vinaingia kwa mate kupitia jeraha, vinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na vikifika huko mgonjwa anakufa, mara nyingi akiogopa maji anayoyatamani. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu yanatoka kwa mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kinachozuia vifo hivi kinajulikana tangu zamani: kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kuwahi hospitali kwa sindano, na kabla ya yote hayo, kuchanja mbwa. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa kilichotoka kwa mbwa. Hapa jirani, Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, kampeni za kuchanja mbwa vijijini zilizoanza miaka ya 1990 zilionyesha wazi kwamba ugonjwa unashuka na watu wanaoumwa wanapungua. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano.

Kwa hiyo swali la halmashauri ni moja: tutawafikiaje mbwa saba katika kila kumi?

Waheshimiwa, nendeni siku ya chanjo mkasimame pembeni mtazame. Utamwona kijana wa miaka kumi na mbili anaburutwa na mbwa mkubwa kuliko yeye, kamba ya manila imemkata viganja. Mwingine kaletwa kwenye toroli, kafungwa miguu yote minne, anakojoa kwa hofu. Wawili wanaanza kupigana, foleni inavunjika, kina mama wanakimbia, na mtaalamu mwenye sindano anabaki kushika kichwa. Wengi hawafiki hata hapo, kwa sababu mbwa wao hajawahi kutoka getini na hakuna mtu nyumbani anayethubutu kumfunga kamba. Dawa ipo, mtaalamu yupo, kinachokosekana ni mbwa anayeshikika.

Mbwa anayekwenda ziwani kila wiki anashikika. Amezoea kamba, amezoea kupishana na watu na mbwa wenzake, anakaa akiambiwa kaa. Na mwenye mbwa huyo ana sababu ya kukumbuka tarehe ya chanjo, kwa sababu ikipita anakosa ufukwe. Ndiyo maana naomba vitu hivi visitenganishwe. Mkitoa ufukwe bila kudai kadi mtakuwa mmetuongezea hatari. Mkidai chanjo bila kumpa mfugaji chochote mtaendelea kuwapata wale wale wachache kila mwaka.

Najua wapo wanaoona njia fupi ni risasi au sumu. Nasema bila kupepesa kwamba naipinga. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mateso ya mbwa aliyekula sumu hayana tafsiri mbili. Lakini hata mtu asiyewahurumia mbwa atazame matokeo. Kisiwa cha Bali nchini Indonesia kilipopata mlipuko wa kichaa mwaka 2008 kilianza kwa kuua mbwa kwa wingi, ugonjwa ukaendelea kusambaa, na nafuu ilikuja walipogeukia chanjo ya kisiwa kizima. Ukiua, unaondoa na waliochanjwa, kisha nafasi zao zinajazwa na mbwa wageni wanaofuata chakula kile kile. Na hapa kwetu, chambo cha sumu kikitupwa ufukweni, mvua ikinyesha kitakwenda wapi kama si kwenye maji tunayochota?

Sasa nije kwa wanaotukataa, maana wana hoja nzito na baadhi yake sina la kuzijibu zaidi ya kukubali.

Kinyesi ni hoja ya kwanza. Minyoo ya safura ya mbwa hutaga mayai yanayotoka na kinyesi. Kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, kama ule ulio chini ya miti kandokando ya ziwa, mayai yanaanguliwa na viluwiluwi vyake vinapenya ngozi ya anayetembea pekupeku au mtoto anayekaa mchangani bila nguo. Havikomai ndani ya mtu, ila vinatambaa chini ya ngozi na kuchora mistari myekundu inayowasha kiasi cha kukosa usingizi. Kufukia kinyesi kwa mguu hakusaidii kitu, ni kukipa mazingira mazuri zaidi. Mzazi anayesema hataki mbwa pale mwanawe anapochezea mchanga amesema kweli. Ndiyo sababu eneo letu liwe mbali na wanapocheza watoto, kila mwenye mbwa aingie na mifuko mkononi, kuwe na pipa lenye mfuniko, na kadi ionyeshe dawa ya minyoo pia, kila miezi mitatu. Atakayeacha kinyesi atozwe faini papo hapo. Sisi wafugaji ndio tutakaokuwa wa kwanza kumtaja, kwa sababu mtu mmoja mchafu atatufungia wote.

Hoja ya pili ni dagaa. Mtu wa nje haelewi, ila nyinyi mnaelewa. Igombe, Kayenze na mialo mingine, bado kuna dagaa wanaoanikwa chini, kwenye nyavu zilizotandazwa juu ya mchanga, hasa kwa wanawake wasio na uwezo wa kujenga vichanja. Mbwa akipita hapo mara moja, akainua mguu, mama huyo ameharibikiwa na mtaji wake na mlaji hajui anakula nini. Hapa msituonee huruma. Mwaloni na kwenye maeneo ya kuanikia, mbwa marufuku, awe amechanjwa au hajachanjwa, yuko kwenye kamba au kabebwa. Na mkiweza kuwasaidia kina mama hao wapate vichanja, mtakuwa mmewaepusha na mbwa, kuku, mbuzi na mchanga kwa pamoja. Hilo lingefaa kuandikiwa barua yake peke yake.

Ya tatu ni ya imani. Majirani zangu wengi ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi nchini, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu aliyevaa kanzu safi akielekea msikitini hapaswi kurushiwa maji na mbwa anayejikung'uta baada ya kuogelea. Si kwamba anamchukia mbwa, ana ibada yake. Basi eneo litakalochaguliwa lisiwe kwenye njia ya kwenda msikitini wala pale watu wanapotawadhia, na kamba isizidi mita mbili mtu akiwa karibu. Hata asiye na sababu ya dini, kama anaogopa mbwa tu, asilazimishwe kujieleza. Sisi ndio tumpishe.

Yapo maeneo ambayo naomba yasiguswe kabisa na mpango huu. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na mbwa hawana nafasi hifadhini. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliohusishwa na mbwa wa vijijini uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, hivyo katazo hilo lina historia yake. Vivyo hivyo upande wa Capri Point kilipo chanzo cha maji ya bomba ya mji. Na penye matete na maji yaliyotulia pasitumike, kwani huko ndiko konokono wa kichocho wanapokaa, na mwenye mbwa lazima atamfuata mbwa wake majini.

Jambo jingine linatuhusu wote, wenye mbwa na wasio nao. Zipo siku za joto na utulivu ambapo maji ya Ghuba ya Mwanza yanageuka kijani kizito, kama rangi iliyomwagwa, na yananuka. Ni aina ya vijimea wadogo wanaozaliana kwa wingi kwa sababu ya uchafu na mbolea inayoingia ziwani, na baadhi yao wana sumu inayoharibu ini. Mbwa akiyanywa, au akiogelea kisha akajilamba manyoya, anaweza kufa ndani ya saa chache au siku chache. Mtoto anayeoga hapo naye hayuko salama, na kuchemsha maji hayo hakuondoi sumu. Tunaomba kibao kimoja kwenye kila ufukwe wa umma, cha kugeuzwa: upande mmoja maji ni salama, upande wa pili msiingie leo. Afisa afya wa kata na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe na uvuvi, ambao wako majini kila siku, wanaweza kukigeuza bila gharama yoyote.

Wenzetu wenye bahari wameshapita njia hii. Huko Uingereza halmashauri nyingi za pwani hufunga fukwe za kuogelea kwa mbwa kuanzia Mei hadi Septemba, watu wanapokuwa wengi, na kuacha sehemu nyingine wazi mwaka mzima. Mji wa San Diego, Marekani, ulitenga ufukwe wa mbwa tangu 1972. Sisi hatuna majira ya baridi ya kuwatoa watu ufukweni, ziwa letu lina watu Januari hadi Desemba. Kwetu kugawana kwa miezi hakufai. Tugawane kwa saa.

Saa ninazopendekeza ni kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, isipokuwa sikukuu. Kabla ya hapo bado ni giza, na ukingo wa ziwa gizani ni wa kiboko na mamba, si wa mtu wala mbwa wake. Baada ya hapo watu wanaanza kujaa, na mchanga unachoma nyayo za mbwa, mnyama asiyetoka jasho mwilini kama sisi na anayepoza joto zaidi kwa kuhema. Saa mbili zinatosha. Jioni ibaki kuwa ya familia.

Sehemu moja upande wa Nyamagana, yaani Jiji, na moja upande wa Ilemela zinatosha kuanzia. Urefu wa uwanja wa mpira unatutosha. Sidhani kama ni lazima tusubiri sheria ndogo ipite kwa wananchi, Baraza la Madiwani na wizarani ndipo tuanze. Fanyeni jaribio la miezi sita kwa tangazo la halmashauri, afisa mifugo wa kata aandike mbwa wangapi wameingia, wangapi wamechanjwa kwa sababu hiyo, malalamiko mangapi yamepokelewa. Tozeni ada ndogo kwa mbwa, ilipe mapipa na posho ya mkaguzi wa kadi. Mkaguzi awe kijana wa mtaa huo huo, anayewafahamu wafugaji kwa sura. Miezi sita ikiisha na takwimu zikionyesha tumeshindwa, fungeni, nami sitaandika tena.

Na chanjo yenyewe iletwe hapo hapo. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur, ambaye mwaka 1885 alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa na mtoto akapona. Siku hiyo meza ya chanjo iwe ufukweni, asubuhi, mchanga ni mpana na mbwa wanaweza kusimama mbali mbali bila kupigana. Mwenye mbwa asiyezoea kamba asaidiwe na sisi ambao wetu wamezoea. Hata hawa wa mwaloni wasio na mwenyewe wanafikika: wavuvi wanawajua, wanawalisha, wengine wamewapa majina. Mvuvi atamshika yule mwenye sikio lililochanika kwa kipande cha samaki, kitu ambacho mimi wala mtaalamu hatukiwezi.

Naomba barua hii isomwe kwenye kikao kijacho cha Baraza, na tupate jibu la maandishi kupitia ofisi za kata, hata kama ni la kukataa, mradi liwe na sababu. Mkihitaji watu wa kujitolea kufunga mapipa, kuchora mipaka ya eneo na kupanga foleni ya chanjo, wafugaji tupo. Mimi nitafika na koleo langu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi na mfugaji wa mbwa,
Manispaa ya Ilemela, Mwanza